Watoto Nyuma, Bwana Mbele

Nimeombwa niwaandikie nyinyi wasichana mnaoanza kazi ya Bibi Maendeleo huku kwetu, Korogwe na Handeni. Aliyeniomba alitegemea niseme habari za bustani za mchicha, vyoo vya shimo na uji wa watoto. Hizo mtafundishwa. Mimi nitasema habari za gari, maana nusu ya kazi hii mtaifanyia garini, mkiwa na watoto wa watu na pengine wa kwenu wenyewe, na somo hilo hakuna anayelifundisha.

Msinitafute mvi. Mstaafu anayewaandikia bado ananyonyesha, na sasa hivi mtoto yuko pajani anaivuta kalamu. Sikustaafu kwa uzee. Nimeacha kazi kwa hasira, na sababu yake nitaieleza, lakini nitaanza na mambo yatakayowafaa Jumatatu asubuhi mkiitwa mpande lori.

La kwanza ni matapishi. Mama wa kijijini akisikia safari, huamka alfajiri akamshibisha mtoto maziwa na uji mzito ili asilie njiani. Ni kweli hatalia. Atatapika. Barabara ya Korogwe kwenda Handeni ina mashimo ya kumtapisha hata mtu mzima aliyefunga. Mpeni mtoto kipande cha muhogo wa kuchoma au ndizi ya kuchoma, kikavu, bila mafuta, na maji ya kulowesha midomo tu. Chukueni limau bichi. Mtoto akianza kupiga miayo na kumeza mate, hiyo ndiyo dalili, msingoje nyingine. Kwaruzeni ganda la limau kwa ukucha, mpeni anuse. Na msimweke karibu na debe la petroli, hata kama debe lile ndilo kiti pekee kilichobaki.

Nililijua hilo siku tuliyopanda Land Rover na mgeni kutoka mkoani. Mgeni alikuwa amevua kofia yake kwa ajili ya joto, akaiweka magotini, mdomo wa kofia juu. Mtoto wa jirani yangu alitazama huku na huku, akaiona kofia, akaijaza. Yule mgeni aliinua kofia kwa vidole viwili. Bi Sauda, mwenzangu mkubwa kazini, ndiye aliyesema, "Pole, baba. Lakini mshukuru mtoto, amechagua kofia, na shati lilikuwa karibu zaidi."

Bi Sauda huyo ndiye aliyenilea kazini. Ni Mzigua, alianza kazi kabla ya uhuru, wakati ofisi ilikuwa na gari moja na gari hilo lilikuwa na mbwa. Alikuwa akitusimulia, "Siku zile Mzungu alikuwa anaendesha, mbwa wake amekaa mbele, sisi na madaftari yetu nyuma. Uhuru ukaja, mbwa akashuka. Mimi nikajisemea, Sauda, sasa zamu yako. Nikajifunga kanga vizuri, nikaenda mlango wa mbele. Nikakuta kumeshakaliwa." Alikuwa akicheka akisema hivyo. Mimi nilicheka naye miaka ile. Sasa sicheki.

Alinifundisha kufunga mtoto. Sisi Washambaa wa Bungu tumezoea kubeba mtoto mgongoni, na huko milimani mgongo unatosha. Garini hautoshi. Gari likiondoka kwa ghafla, wewe unarudi nyuma na yeye ndiye godoro lako. Garini mtoto hufungwa kifuani, uso wake kwenye titi lako, mikono yako miwili iwe huru kushika chuma. Kanga ziwe tatu: moja ya kumfunga, moja ya machafu, na moja isiyoguswa mpaka mfike, hata kama imebidi uwe mkali. Mtoto anayeshuka garini jioni akiwa amelowa hupata homa, na Handeni ndani huko zahanati iko mbali.

Alinifundisha pia nisiseme "tumekaribia". Ukimwambia mtoto tumekaribia, atakuuliza mpaka mfike, na kila akiuliza utakuwa mwongo. Mwambie, "Tunakwenda mpaka jua likae kule juu ya mti." Atalitazama jua. Jua lina subira kuliko wewe.

Lori ni jambo jingine kabisa, lisikieni vizuri. Katika lori hakuna kiti. Watoto hukaa chini, katikati, juu ya magunia kama yapo, wakubwa huwazunguka. Mtoto asikae karibu na bodi ya nyuma. Zile komeo nimeziona zikifunguka zenyewe kwa mtikisiko, na bodi ikaanguka, na kilichookoa watu siku ile ni kwamba mizigo yetu ndiyo iliyokuwa nyuma. Tulipoteza sufuria na kuku. Tangu hapo kila nikipanda lori huzijaribu komeo kwa mkono wangu mwenyewe. Madereva huchukia. Wachukie.

Kwenye pori la mbung'o mfunikeni mtoto miguu, maana mbung'o huuma hata juu ya soksi. Vumbi likizidi, kitambaa kilicholowa kwenye pua. Mtoto akilala, shingo yake ishikwe. Kichwa cha mtoto aliyelala ndani ya lori hugonga kama kibuyu, na mimi nilikuwa sikai hata kidogo bila kuhisi kwamba sasa hivi, shimo linalofuata, kitavunjika. Watu wananiambia nina woga. Ninao. Nataka na nyinyi muwe nao. Mtu asiyeogopa asipewe watoto wa watu.

Sasa lile lililonitoa kazini.

Ilikuwa miaka hii ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Akina mama kutoka vijiji vipya vya upande wa Kwediboma waliletwa Korogwe kwa mafunzo. Mafunzo ya nini? Malezi bora ya watoto. Tukawafundisha jinsi ya kuchemsha maji na kumpima mtoto uzito. Mafunzo yalipokwisha, tukawapakia wao na watoto wao katika lori lililo wazi, turubai halina, tuwarudishe. Mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi wa safari. Nilikuwa na wanangu wawili, Agnesi wa miaka minne na Yohana anayenyonya, kwa sababu mume wangu anafanya kazi kwenye mashine za katani Ngombezi na mama mkwe yuko Bungu. Ningemwachia nani? Niliuliza ofisini, sikujibiwa.

Kutoka Korogwe mpaka Handeni nilikaa mbele na wanangu wote wawili, kando ya dereva. Dereva tulimwita Mgaza, mtu mpole, mwenye maneno machache. Handeni mjini akapanda afisa wetu. Sitamtaja jina. Kwenye mikutano alikuwa akituita ndugu, nasi tulimwita ndugu. Garini alikuwa Bwana.

"Mama Agnesi," akasema, "mimi nitakaa hapa mlangoni. Huyo mdogo mpakate. Huyu mkubwa aende nyuma kwa wenzake."

Nikamwambia, "Bwana, nyuma hakuna turubai na jua ni kali. Mtoto huyu hana nafasi kubwa, nitambana."

"Nina mkutano Kwediboma. Siwezi kufika nimekunjamana kama barua."

Akina mama wakamwita Agnesi waimbe naye. Agnesi akaenda kwa furaha. Alipokelewa na Bibi Mwantumu, mama mzee kuliko wote, aliyekuja mafunzoni na mjukuu wake. Nilimweka Agnesi mikononi mwake, nikasema, "Bibi, huyu ni wako mpaka Kwediboma." Akasema, "Wangu mwanangu, usiwe na shaka."

Niwaambie kitu kimoja kuhusu kule nyuma, nilichokisikia baadaye. Watoto walipoanza kulia kwa jua na njaa, akina mama waliwanyamazisha kama tunavyonyamazishwa sote. "Nyamaza. Ukilia mumiani wanasikia. Wana gari kama hili hili, wanapita wanakusanya watoto wanaolia, wanakwenda kuwanyonya damu." Watoto wakanyamaza kimya. Mimi kule mbele nikafurahi, nikasema safari imetulia.

Katikati ya pori, Mgaza akasimamisha lori watu wachimbe dawa. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, kama kawaida. Mimi nilikuwa namnyonyesha Yohana, sikushuka. Bwana alishuka akarudi upesi, akakaa, akafunga mlango. Akatazama saa.

"Twende, Mgaza. Jua haliningoji."

Nikatoa kichwa dirishani kwa juu yake, nikaita nyuma, "Jamani, wahesabuni watoto kwanza."

Bibi Mwantumu akanijibu, nikamsikia vizuri, "Watoto hawahesabiwi, mwanangu. Huhesabiwa mbuzi. Ukimhesabu mtoto kwa kidole umemwonyesha kwa wanaomtafuta."

"Basi nipisheni nishuke niwatazame kwa macho."

Bwana hakusogeza hata goti. "Mama Agnesi, tusianze tena. Watu wazima wako huko nyuma. Wana macho."

Nikaita, "Mmetimia?"

Wakajibu kwa pamoja, "Tumetimia, twendeni." Mmoja akapiga bodi kwa kiganja. Kule kupiga bodi ndiyo ishara ya madereva wote. Mgaza akaondoka.

Sikilizeni jinsi mtoto anavyopotea. Hapotei kwa sababu hakuna anayemwangalia. Agnesi alikuwa amejisaidia pamoja na akina mama, kisha akaelekea mbele ya gari. Akina mama waliona kwa macho yao akielekea mbele. Wakasema, amekwenda kwa mama yake. Mbele kulikuwa na kichuguu, na nyuma ya kichuguu kulikuwa na mti wa fuu, matunda yameiva meusi. Wa nyuma walijua yuko mbele. Wa mbele tulijua yuko nyuma. Wote tulikuwa na hakika.

Tulikwenda mwendo mrefu. Yohana alilala. Bwana alikuwa akinieleza hotuba atakayoitoa, kwamba mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote.

Tukafika kwenye korongo la mchanga. Mgaza akaomba watu washuke, lori livuke likiwa jepesi. Nikashuka, safari hii Bwana mwenyewe alishuka kwanza. Nikasimama kwenye kivuli nikimngoja Agnesi aje. Watoto walipita mmoja mmoja, wamejaa vumbi mpaka kope. Mjukuu wa Bibi Mwantumu akapita. Bibi Mwantumu naye akashushwa, akajinyoosha mgongo, akanitazama mikononi.

"Agnesi amelala huko mbele?" akaniuliza.

"Mbele wapi, Bibi?"

"Si alikuja kwako? Tulipochimba dawa. Si alikuja kwako mbele?"

Nakumbuka kwamba miguu ilikuwa baridi juani. Nakumbuka nililitazama lile pori tulilolipita, miiba na nyasi zilizokauka, barabara ikipita katikati nyembamba, na nikawaza fisi. Wiki ile ile watu wa kijiji kimoja cha njiani walikuwa wametuambia fisi amezoea kuja mchana kwenye mabanda. Nikawaza nyoka. Nikawaza maji, kwamba hana. Nikawaza kwamba atakuwa analia na hakuna anayemwambia nyamaza.

Bwana akasema, na maneno haya sitayasahau mpaka naingia kaburini, "Tulieni. Tukifika Kwediboma tutatuma mtu na baiskeli."

Mama mmoja akauliza polepole, "Kwediboma, Bwana?"

"Hatuwezi kurudisha lori zima. Mafuta ya serikali. Na watu wananingoja."

Mimi nilimfungua Yohana kifuani. Nikaenda mpaka alipo Bwana, nikamtupia mtoto mikononi. Hakuwa na la kufanya ila kumshika, angeanguka. Kisha nikageuka nikaanza kukimbia barabarani kule tulikotoka.

Nilisikia nyuma yangu anaita, "Mama Agnesi. Wee mama. Mchukue mtoto wako." Nikasikia Yohana ameamka, analia. Sikugeuka. Mtu anaweza kuniambia nilikuwa mjinga, mwendo ule kwa miguu nisingefika kabla ya giza. Ni kweli. Lakini miguu haikuniuliza.

Kisha nikasikia lori. Mgaza hakumwomba mtu ruhusa. Alikuwa bado hajavuka, akageuza pale pale kwenye ukingo, akina mama wakapanda wakisukumana, Bwana akapanda na Yohana mikononi kwa sababu asingepanda angebaki korongoni peke yake. Mgaza akasimama kando yangu, akafungua mlango wa upande wake. "Panda, dada," akasema. Basi.

Sitawaeleza ile njia ya kurudi. Kila kisiki kilikuwa mtoto. Kila kitu cheusi barabarani nilikipigia kelele. Yohana alikuwa analia mapajani pa Bwana, nami sikumchukua, mikono yangu ilikuwa imeshika chuma cha mbele na haikutaka kuachia.

Tukafika kwenye kichuguu. Mgaza akakitambua, maana matairi yalikuwa yamechora pale tuliposimama. Hakukuwa na mtoto.

Akina mama wakaruka chini, wakatawanyika, wakaita. "Agnesi. Agnesi wee. Agnesi mwanangu." Sauti nyingi zikaingia porini. Hakuna kilichojibu. Mgaza alikuwa ameacha injini inanguruma, akakanyaga mafuta, akapiga honi ndefu ili mtoto asikie kama yuko mbali. Chini ya mti wa fuu palikuwa na mbegu zilizotafunwa, mbichi, zimelowa bado. Karibu nazo palikuwa na kandambili yake moja.

Kandambili moja tu. Mnajua maana yake. Kila mwanamke pale alijua, kwa hiyo wote waliacha kuita kwa mara moja, wakanitazama.

Bibi Mwantumu ndiye aliyekaa chini. Alikaa barabarani, vumbini, mikono kichwani. Akaanza kusema kwa Kizigua, halafu akageukia Kiswahili ili nimwelewe. "Ni sisi. Tumewatisha. Tumewaambia mumiani wana gari kama hili. Anaona gari linarudi linamtafuta, watu wanaliita jina lake. Mwanangu, yupo. Anatukimbia."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Nikamwambia Mgaza, "Zima injini."

Akazima. Nikawaambia akina mama, "Kaeni chini nyote. Asiite mtu."

Wakakaa pale walipo, wengine nyasini, wengine barabarani, wamewashika watoto wao. Pori likawa kimya, na ndani ya kimya kile kikabaki kilio cha Yohana peke yake. Alikuwa na njaa, analia kile kilio chake cha kukatika katika. Bwana alikuwa anamtikisa, uso umemwiva kwa aibu, anasema, "Shh, shh, nyamaza, kijana, nyamaza." Akataka kumziba mdomo kwa kitambaa chake.

Nikamwambia, "Usimnyamazishe."

"Analia, mama."

"Muache alie. Mshushe hapo nje. Simama naye pale, peke yako, alie."

Akashuka. Akasimama katikati ya barabara na suti yake ya mikutano, mtoto mikononi, Yohana analia kwa nguvu zake zote, na sote tumekaa chini tumenyamaza. Kama mtu angepita angetuona wendawazimu. Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa nimeuma kanga yangu mpaka ikachanika.

Nyasi zikatikisika, si upande wa kichuguu, upande mwingine kabisa, mbali. Akatokea. Mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna, midomo myeusi kwa fuu, miguu imechanwa na miiba. Alipita kati ya akina mama bila kuwatazama, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bwana, akainua mikono.

"Lete," akamwambia. "Huyo Yohana ana njaa. Mama yake yuko wapi?"

Nikaita, "Niko hapa."

Akanigeukia. Alikuwa amekasirika, hakuwa na machozi. Akasema, "Mama, mlipotea wapi? Niliwangoja sana."

Kuna mama alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na baada yake wote. Bwana alisimama pale akimtazama Agnesi anayemnyooshea mikono, akaja akanipa mtoto.

Agnesi alikataa kupanda lori. Tulimbembeleza, akashika mti. Bwana akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Tumechelewa sana, Mama Agnesi." Ndipo Bibi Mwantumu akainuka, akamshika Agnesi mkono, akasema, "Tutatembea sisi wawili. Gari lije nyuma yetu." Wakaanza kutembea. Akina mama wakatazamana, nao wakashika watoto wao wakafuata. Mgaza akaweka gia ya kwanza, akatufuata polepole, na Bwana mbele ameketi peke yake, nafasi zote zake. Tulikwenda hivyo mpaka Agnesi mwenyewe akasema miguu inauma. Nikapanda naye nyuma. Hakuna aliyeniambia nirudi mbele, na kama angekuwepo nisingerudi.

Sote tulipokwisha kupanda, kabla lori halijaondoka, Bibi Mwantumu alisimama kwenye bodi. Hakuhesabu, mila yake ni mila. Kila mama aliinua mtoto wake juu kidogo na kumtaja jina kwa sauti, na bibi akaitikia, "Nimemwona." Mpaka wote. Ifanyeni hivyo nyinyi. Popote mtakapokatazwa kuhesabu watoto, waambieni akina mama wawataje majina. Hakuna mila inayokataza mtoto kuonwa.

Na msimtishe mtoto kwa kitu anachosafiria. Akilia, alie. Mtoto anayelia mnajua alipo.

Mume wangu aliposikia, aliniletea kamba ya katani kutoka kiwandani, laini, ya kusuka. Tangu siku ile nilimfunga Agnesi kiunoni na ncha ya pili kiunoni mwangu, kila safari. Watu wa Handeni walinicheka. "Mama Agnesi anafunga mtoto kama mbuzi." Nikawajibu kwamba sijasikia mbuzi aliyesahauliwa njiani, mbuzi ni mali.

Kilichofuata ni kifupi. Ilitoka amri ofisini: mtumishi asisafiri na watoto wake kwenye gari la kazi, kwa usalama wa watoto. Usalama wa watoto. Amri ya turubai haikutoka. Amri ya nani akae mbele haikutoka. Bi Sauda alikuja nyumbani Ngombezi kunishauri nivumilie. Alisema, "Mwanangu, hata mimi niliambiwa hivyo, nikawapeleka wanangu kwa mama yangu, wakakua, wakanijua." Nikamuuliza, "Walikujua lini?" Akaomba maji ya kunywa. Kesho yake niliandika kwamba nimeacha kazi. Nafasi hiyo ndiyo mnayoijaza nyinyi, na wengine wenu najua mmeshaolewa.

Kwa hiyo ulizeni kabla hamjapanda. Ulizeni nani anakaa mbele. Ulizeni watoto watakaa wapi, na mkijibiwa "nyuma kwa wenzao", kaeni nao nyuma. Jaribuni komeo. Ogopeni, na muwe na sauti.

Nami siwadanganyi kwamba woga unakwisha. Juzi tulipanda basi kwenda Bungu kumwona mama mkwe, ile njia ya kupanda mlima yenye bonde upande mmoja. Basi liliposimama abiria wachimbe dawa, nilishuka, nikamwacha Agnesi na baba yake ameshikwa vizuri. Sikufika hata kichakani. Nilimsikia amepiga mbio mpaka kwa dereva, amemshika shati.

"Baba dereva, usiende," anamwambia. "Mama yangu hajui kupanda. Anapoteaga."

Dereva akazima injini, akaningoja.